Mbuzi wa kukodi dhidi ya mbigili: nyota tatu na nusu

Jina la kampuni siweki, kampuni za hivi ziko nyingi huku kaskazini mwa California na nataka kuongelea kazi yenyewe. Wanakuletea mbuzi wale majani kwenye eneo lako halafu wewe mwenye malisho ndo unalipa. Nilivyomwambia mjomba kule Handeni akauliza mara mbili kama nimesikia vizuri.

Shida yetu ni mbigili wa manjano, wenyeji wanauita yellow starthistle, jina la kitaalamu Centaurea solstitialis. Asili yake pande za Mediterania, ukaingia California kwenye miaka ya 1800, na mpaka 2002 ulishakadiriwa kusambaa kwenye ekari zaidi ya milioni 14 ndani ya jimbo hili tu. Mzizi wake unazama chini sana, kwahiyo nyasi zikikauka mwanzo wa kiangazi wenyewe bado kijani unanyonya maji ya chini, na ukishatoa miiba ng'ombe haingizi pua hapo, yaani una ekari za malisho ila za kuangalia tu. Kwa farasi ndo balaa zaidi, akiula kwa wingi wiki nyingi unaharibu ubongo, mdomo unakakamaa, nyasi iko mbele yake ila hawezi kutafuna, na hakuna dawa. Jirani yangu ana farasi ndo maana haniachi nipumue. Wafuga nyuki peke yao ndo wanausifia, eti asali yake nzuri.

Sasa huduma. Ukaguzi nawapa tano kwa tano. Dada aliyekuja hakukaa kwenye gari na karatasi, alipiga magoti akang'oa mche mchanga akanionyesha: majani ya chini yamelala chini yana mikato mikato kama mchunga, rangi kijani cha kijivu, ukipapasa yana vinyweleo kama pamba, na ukikua shina linakuwa na mabawa membamba pembeni. Ua la manjano limezungukwa na miiba mirefu, nusu inchi kwenda juu. Kuna mmea ndugu yake unaitwa tocalote, nao una ua la manjano ila miiba ni mifupi na ina uzambarau, nusu ya kilichokuwa upande wa barabarani kumbe ni hicho.

Mbuzi walikuja mwishoni mwa Mei, shina limeshanyanyuka ila miiba bado, na huo ndo wakati wenyewe. Fensi ya umeme wa sola, mbwa wakubwa weupe wa ulinzi, na mchungaji kutoka Peru analala kwenye karavani hapohapo, kijana anajua kazi, anahamisha fensi kabla mbuzi hawajafika kwenye udongo mtupu. Walifyeka wakabakiza vijiti, nikafurahi.

Tatizo lilianza baada ya hapo. Mbigili ukiliwa mapema unachipua tena kutoka chini na unatoa maua mafupi mafupi karibu na ardhi, wao wanalijua hilo maana walisema wenyewe watarudi Julai, Julai ikafika nikapiga simu naambiwa mbuzi wako kaunti nyingine kwenye kazi ya kula vichaka ili kuzuia moto, subiri. Nikasubiri. Agosti ua kila mahali na mbegu zimeshakomaa, na mbegu zinakaa ardhini miaka kadhaa zinaota kidogo kidogo, sasa hiyo hela ya mwanzo imefanya nini? Hata punguzo hawakutoa.

Ningewaita tena? Ndio, kwenye miteremko ile trekta haipandi na dawa sitaki kumwaga karibu na kisima. Ila mkataba wa safari hii nimeandikisha raundi mbili, tarehe ya pili iko kwenye karatasi, na nusu ya malipo nashikilia mpaka hiyo ya pili imalizike. Wamegunaguna ila wamesaini.