Poka ya karata tatu kasino: uzoefu wangu mezani na dila

Ukiingia kasino ukaona meza ya nusu duara, dila, yaani mgawa karata wa kasino, amesimama upande mmoja na wachezaji wamekaa upande wa pili, kila mtu na karata zake tatu, ujue hiyo ndiyo Three Card Poker. Nimeicheza kwa muda sasa kwenye kasino moja ya Dar es Salaam, upande wa baharini, na ndiyo meza ninayoipenda kuliko zote pale ndani. Naandika kuihusu kwa sababu naona watu wanaijua nusu tu. Wanatumia akili kwenye dau kuu, halafu pesa hiyo hiyo wanaimwaga kwenye duara la pembeni, la dau la ziada, bila kusoma malipo yaliyochapwa kwenye kitambaa cha meza mbele ya macho yao.

Wengi wanaikwepa poka kwa kudhani watakutana na wazoefu wanaozuga na kusoma nyuso za watu. Hapa hakuna kuzuga. Hushindani na jirani yako. Yeye anaweza kula na wewe ukaliwa, au mkala wote kwa pamoja. Mpinzani ni kasino peke yake, na dila mwenyewe hana uamuzi wowote wa kufanya. Karata zake zikishafunuliwa, kanuni ndiyo inayosema. Kwa hiyo meza hii ina uchangamfu ambao huupati kwenye poka ya wachezaji kwa wachezaji. Dila akikosa karata, meza nzima inashangilia, hata watu wasiojuana.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Aliyeubuni ni Derek Webb, mcheza poka wa Uingereza, mwaka 1994, na umeenea kwenye kasino za nchi nyingi. Webb huyo huyo baadaye alitumia pesa zake kupigania sheria kali dhidi ya mashine za kubeti zilizojaa kwenye maduka ya kubeti ya Uingereza, na mwaka 2019 dau la juu la mashine hizo likashushwa kutoka pauni 100 hadi 2. Mimi hilo lilinigusa. Mtu aliyetajirika kwa mchezo wa kasino anajua vizuri ni wapi mchezo unaishia na uporaji unaanza.

Taratibu zenyewe unazielewa ndani ya dakika kumi. Unaweka dau kuu kwenye duara la Ante kabla karata hazijatoka. Mashine ya kuchanganyia inatoa karata tatu tatu, dila anagawa, unachungulia zako. Hapo una njia mbili tu: utupe karata na ante iende, au uendelee kwa kuweka dau lingine lililo sawa kabisa na ante kwenye kisanduku cha Play. Huruhusiwi kuongeza zaidi ya hapo wala kubadilisha karata. Kisha dila anafunua zake. Lazima awe angalau na malkia ndipo karata zake zihesabiwe. Asipofikisha, unalipwa kiasi kile kile cha ante, na Play yako unarudishiwa ilivyo, hata kama karata zako ni mbovu kuliko zake. Akifikisha na ukamshinda, unalipwa zote mbili. Akifikisha na akakushinda, zote zinaondoka. Mkilingana, hakuna pesa inayosogea.

Kuna na bonasi ya ante ambayo hailipiwi dau la ziada. Ukipata streti, yaani karata tatu zinazofuatana, unaongezewa mara moja ya ante. Tatu za namba moja, kwa mfano nane tatu, unaongezewa mara nne, na streti ya aina moja, mathalani saba, nane na tisa zote za kopa, mara tano. Bonasi hiyo unalipwa hata kama dila amekushinda. Hivyo ndivyo inavyolipwa kwenye meza yetu na ndiyo malipo ya kawaida ya mchezo huu, ila soma ya meza yako.

Jambo linalowachanganya waliozoea poka ya karata tano: hapa streti inaishinda flashi, yaani karata tatu za aina moja zisizofuatana. Karata 52 zinatoa mikono 22,100 ya karata tatu, yaani mafungu tofauti unayoweza kugawiwa. Katika hiyo, flashi ziko 1,096 na streti ziko 720 tu. Iliyo adimu ndiyo inayotangulia. Kwa mantiki hiyo hiyo, tatu za namba moja, ambazo ziko 52, ziko juu ya streti, na streti za aina moja, 48, ndizo kileleni. Pea, yaani karata mbili za namba moja, ziko 3,744. Mikono 16,440 iliyobaki haina kitu, ni karata ya juu tu. Robo tatu ya karata utakazopewa usiku kucha zitakuwa za namna hiyo, kwa hiyo ustadi wote wa mchezo huu uko kwenye kuamua nini cha kufanya na karata zisizo na kitu.

Kanuni ni moja na inatosha kuikariri: malkia, sita, nne. Ukiwa na hizo au zaidi, weka Play. Chini ya hapo, tupa. Linganisha kuanzia karata ya juu. Ukiwa na mfalme au ree, endelea bila kuangalia nyingine. Ukiwa na malkia, tazama ya pili. Malkia wa shupaza, saba ya kopa na mbili ya uru: unacheza, kwa sababu saba imeshaipita sita na ile mbili haina kazi tena. Malkia, sita na tatu: unatupa. Malkia, tano na nne: unatupa. Ghulamu, kumi na nane: unatupa, hata zikipendeza namna gani machoni.

Hapo kwenye ghulamu ndipo watu wanapobishana nami mezani. Hoja yao ni kwamba dila anaweza asifikishe, kwa hiyo kwa nini wasijaribu? Ni kweli dila anakosa malkia karibu mara tatu katika kila kumi. Basi tupige hesabu kwa ante ya shilingi 10,000. Ukitupa karata mbovu mara kumi, umepoteza 100,000. Ukizicheza zote kumi, mara tatu dila anakosa na unapata 10,000 kila mara, jumla 30,000. Mara saba anafikisha, na karata ya ghulamu haiwezi kumshinda dila mwenye malkia, kwa hiyo unapoteza 20,000 kila mara, jumla 140,000. Toa 30,000, umebaki na hasara ya 110,000. Kujaribu kumekugharimu elfu kumi zaidi ya kutupa. Ukizidisha na saa unazokaa pale, unaelewa kwa nini mtu anayeweka Play kila raundi bila kuchungulia anaipa kasino faida ya asilimia 7.65 ya ante, wakati anayefuata kanuni ya malkia, sita, nne anaiachia asilimia 3.37. Ukisahau sita na nne ukawa unacheza malkia yeyote, ni asilimia 3.45. Tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo mgeni aliyechoka akishika neno malkia tu atakuwa salama.

Sasa lile duara la pembeni, Pair Plus. Hili ni dau la peke yake, halina habari na karata za dila. Ukipata pea au zaidi unalipwa, usipopata limekwenda. Watu wanalipenda kwa sababu pea inakuja takriban mara moja kwa kila raundi sita, na streti ya aina moja inalipa mara arobaini. Lakini malipo yake yanatofautiana meza na meza, na tofauti yote mara nyingi iko kwenye mstari mmoja: flashi. Kuna meza zinazolipa flashi mara nne. Nyingine, ikiwemo ile ninayokaa mimi, zinalipa mara tatu, na malipo mengine yote yanafanana: pea mara moja, streti sita, tatu za namba moja thelathini, streti ya aina moja arobaini. Ukiitazama kwa haraka hiyo tatu badala ya nne haishtui. Lakini kwa malipo ya nne, kasino inabaki na asilimia 2.32 ya dau lako, yaani duara hili ni nafuu hata kuliko ante. Kwa malipo ya tatu inabaki na asilimia 7.28. Ni zaidi ya mara tatu, kwa tarakimu moja iliyobadilishwa.

Hili ndilo linaloniudhi kwenye kasino ninayokwenda, na nimewaambia wahusika uso kwa uso. Meza ni safi, dila wanajua kazi, vinywaji vinakuja kwa wakati, lakini Pair Plus yao ni ya kumkamua mteja. Msimamizi wa meza alinijibu kwa upole kwamba hakuna anayelalamika. Ndivyo ilivyo, hakuna anayelalamika kwa sababu hakuna anayesoma. Mimi pale naweka ante peke yake, Pair Plus naiacha tupu, na dila wameshazoea. Ukikuta meza inayolipa flashi mara nne, weka kidogo ufurahie, haina ubaya.

Kuhusu gharama, nazungumza kwa uwazi kwa sababu ni pesa za watu. Tuseme ante ni 10,000 na zinapigwa raundi 40 kwa saa. Ukifuata kanuni, kwa wastani saa hiyo itakugharimu kama 13,500. Ukiongeza Pair Plus ya 10,000 kwenye meza ya malipo mabovu, unaongeza hasara ya wastani ya 29,000 hivi juu yake. Hiyo ni wastani. Kuna usiku unatoka na faida nzuri, na kuna usiku dila anafikisha mfululizo hadi chipu zote, vile vidude vya kuchezea badala ya noti, zinakwisha ndani ya nusu saa. Kwa ante ya elfu kumi mimi nakwenda na laki tatu au nne taslimu, kadi ya benki inabaki nyumbani, na pesa ya simu siigusi. Zikiisha naagiza soda, natazama wengine, naondoka. Kama pesa uliyo nayo mfukoni ni ya ada au kodi ya nyumba, usiingie kabisa. Na najua kwa wengi wetu kamari ni haramu, sina nia ya kumshawishi mtu aivuke imani yake.

Kwa mgeni wa meza, mambo machache ya adabu yatakuepusha na aibu. Pesa usimpe dila mkononi, weka mezani naye atazitandaza mbele ya kamera kabla ya kukupa chipu. Karata zikishatoka, usiguse tena dau lililo kwenye duara. Shika karata zako juu ya meza, usizishushe mapajani, na usimwonyeshe jirani hata kama mmekuja pamoja. Simu weka mfukoni. Nenda na kitambulisho. Kwa Tanzania aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, na kasino halali ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003. Dila akikosea kulipa, mwambie papo hapo kabla hajakusanya karata. Nimeona likitokea, msimamizi akaitwa, karata zikarudishwa wazi moja moja, na mchezaji akalipwa haki yake bila kelele. Hapo niliwapa heshima yao.

Nimejaribu na meza za jirani. Caribbean Stud ni ya karata tano, na dila lazima awe na ree na mfalme au zaidi. Inakwenda polepole, ambayo ni raha kwa mtu anayetaka kupiga soga, lakini kasino inachukua asilimia 5.22 ya ante hata ukicheza vizuri, na dila akishindwa kufikisha huku umeshika karata kali zinazolipa mara nyingi, unaambulia ante tu. Inauma. Ultimate Texas Hold'em ni bora zaidi kihesabu. Unaweza kuweka mara nne ya ante ukiwa na karata mbili tu mkononi, na ukiijua vizuri kasino inabaki na asilimia kama 2.2 ya ante. Ila inadai mtaji mkubwa, maana raundi moja inaweza kubeba ante sita zikiwa mezani kwa wakati mmoja, na kanuni zake za lini uweke mara nne, mara mbili au moja ni nyingi kwa mtu wa mara ya kwanza. Anayeingia kasino leo akitokea mtaani, namwelekeza kwenye karata tatu, aanze na dau la chini kabisa la meza.

Toleo la mtandaoni lenye dila wa kwenye kamera nimelicheza pia. Kanuni ni zile zile, na malipo ya Pair Plus yako kwenye ukurasa wa maelezo, yafungue kabla ya kuweka senti. Halinivutii kwa sababu sekunde za kuamua ni chache, hakuna wa kuongea naye, na pesa inatoka kwenye simu kwa kidole kimoja. Pale mezani angalau lazima uinuke, uende hadi kwa keshia na uzihesabu noti kwa mikono yako.