Kayaki kwenye maji makali: safari ipi ununue kwanza

Anayetafuta safari ya kayaki, yaani mashua nyembamba ya kupigia kafi kwenye mito yenye maji ya kasi, kwa mara ya kwanza huanza kwa kulinganisha bei na picha, na vyote viwili havimwambii lililo muhimu. Mto unaopendeza mwezi wa Julai unaweza kuwa mwingine kabisa mwezi wa Aprili, mvua ikishanyesha mlimani siku mbili mfululizo. Kampuni mbili zinazotoza sawa zinaweza kutofautiana kwa jambo moja tu: moja hupeleka waokoaji wenye kayaki zao mbele ya wageni, nyingine humtuma mgeni na kiongozi mmoja na kumwombea heri. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kuuliza kwanza kama mto unamruhusu mgeni kuanza polepole, na kama kuna mahali pa kutoka majini akiona yamemzidi. Mandhari na bei vimekuja baadaye.

Kwanza ujue unanunua nini, maana mabango huchanganya mambo matatu. La kwanza ni boti la mpira la kupulizwa, watu sita au saba na kiongozi nyuma. Hapo huhitaji ujuzi wowote isipokuwa kupiga kafi unapoambiwa. La pili ni kayaki ya watu wawili, wewe umekaa mbele na mwalimu nyuma yako. Yeye ndiye anayeielekeza na kuiinua ikipinduka. La tatu ni kozi ya kayaki ya mtu mmoja, ya siku kadhaa, ambamo utajifunza kutoka kwenye kayaki iliyopinduka, kisha kuigeuza mwenyewe bila kutoka. Kama hujawahi kukalia kayaki na mtu anakuuzia ya mtu mmoja kwenye maji makali kwa siku moja, mkatalie.

Ukali wa maji hupimwa kwa madaraja sita. La 1 ni maji yanayokwenda bila fujo, la 3 lina mawimbi yanayokulowesha na mawe ya kukwepa, la 5 huhitaji watu waliozoea na njia moja tu iliyo sahihi, na la 6 si la kuuziwa mtalii. Daraja hubadilika mto ukijaa au ukipungua, kwa hiyo tangazo linalosema "daraja la 4" bila kutaja msimu limekuambia nusu ya habari.

1. Sagana, Kenya

Huu ndio ninaouweka mbele, na siweki kwa sababu uko karibu na Nairobi, ingawa ukaribu huo unasaidia: ni kama kilomita mia moja, unapita Thika na Kenol, na matatu za Karatina na Nyeri hukushusha mjini Sagana. Ninauweka mbele kwa jinsi mto wenyewe ulivyojipanga. Maji yanatoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, yanakutana huku mpakani mwa Murang'a na Kirinyaga na kuwa mwanzo wa Tana. Sehemu ya juu ina mikondo ya daraja la 2 na la 3. Kisha mto unatulia kwa kilomita kadhaa, unateleza tu katikati ya miti na mashamba, ukitazama ndege na kupumua. Baada ya utulivu huo ndipo inapoanza sehemu ya chini, ya daraja la 3 hadi la 5.

Mpangilio huo una thamani kubwa kwa mnunuzi. Unapata somo kwanza, kisha muda wa kujipima, kisha uamuzi. Mtu ambaye sehemu ya juu imemtisha anaweza kumwambia kiongozi wake kwamba imetosha kabla hajafika kwenye yale makubwa, na kiongozi mzuri hatamshawishi aendelee. Kwa kozi ya kayaki pia ni hivyo: siku ya kwanza kwenye maji yaliyotulia, siku inayofuata kwenye mawimbi madogo, na hakuna haja ya kuhama mto.

Udhaifu wake ni kwamba unategemea mvua. Mwezi wa Februari na mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na Septemba, maji hupungua na mawe hujitokeza. Boti linakwama, mnashuka kulisukuma, na pesa ni zilezile. Mvua ndefu zikikolea Aprili na Mei, mto huwa wa rangi ya udongo, una nguvu, na hapo ndipo watu wenye uzoefu hufurahi zaidi. Kwa mgeni ningesema Juni na Julai, mvua zikishapungua lakini mlima bado unateremsha maji, au Desemba baada ya mvua za vuli. Maji ni ya baridi kuliko wengi wanavyotarajia, hivyo uliza kama vazi la mpira limo kwenye bei. Na ukilala huko, amka mapema: asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda, kilele cha Mlima Kenya huonekana wazi, na inafaa kuona mlima uleule uliotoa maji yatakayokubeba.

2. Jinja, Uganda

Kwa wingi wa maji, Jinja inaishinda Sagana mbali sana. Huu ni mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, mpana, wa uvuguvugu, na wenye kina. Kila baada ya mporomoko kuna maji mapana yaliyotulia, kwa hiyo anayeanguka ana muda wa kuokotwa kabla ya mporomoko unaofuata. Hauna mawe mengi ya kugonga kama mito ya milimani. Kwa sababu hiyo wapiga kayaki wa nchi nyingi wamekuja hapa miaka mingi kujifunza, na Waganda waliolelewa kando ya mto wamekuwa walimu na washindani wa kiwango cha juu. Kayaki ya watu wawili na mwalimu Mganda nyuma yako ndicho kitu ambacho ningekinunua Jinja kabla ya kingine chochote.

Faida nyingine ni kwamba msimu hausumbui sana. Ziwa ni ghala, na maji hutolewa kupitia mabwawa ya Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na Kiira pembeni yake. Lakini mabwawa mengine yaliyojengwa chini yake ndiyo sababu sijaiweka Jinja ya kwanza. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, liliyafunika maporomoko ya Bujagali ambayo ndiyo yaliyoipa Jinja umaarufu. Mwaka 2019 likaja la Isimba, chini zaidi ya mto, likafunika tena sehemu ya mawimbi ambayo wapiga kayaki waliyapenda kuliko yote. Umeme nchi iliuhitaji, lakini kipande cha mto kilichobaki ni kifupi. Usinunue kwa kutegemea picha au maelezo ya kabla ya 2019. Mwulize muuzaji mnaanzia wapi na mnaishia wapi, na muda gani kati ya hapo ni maji yaliyosimama ya bwawa.

Maporomoko ya Itanda bado yapo, na ni ya kutisha kweli. Kampuni zenye akili hulitoa boti majini na kulibeba nchi kavu kuipita sehemu yao mbaya zaidi, kisha wageni huingia tena chini yao. Usione umepunjwa.

Siku nzima kwenye boti huzidi dola 100, na mara nyingi chakula cha mchana na usafiri kutoka Kampala, kilomita 80 hivi, vimo. Mkenya anaweza kuvuka Malaba au Busia kwa kitambulisho chake. Mtanzania aje na pasipoti. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikisahau. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kichocho: maji ya Ziwa Victoria na ya Nile hapa yana vimelea vyake. Wiki sita hadi nane baada ya kurudi nenda zahanati, waeleze uliogelea Jinja, wakupime au wakupe praziquantel. Dawa hiyo ikimezwa mapema mno, minyoo ambayo haijakomaa hainaswi.

3. Zambezi, Zambia na Zimbabwe

Chini ya Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, Zambezi hujibana ndani ya korongo la Batoka lenye kuta za mawe zinazopanda zaidi ya mita mia moja. Safari za kibiashara zilianza mwaka 1981, na mikondo imehesabiwa 25, mingi ya daraja la 4 na la 5. Kwa mandhari, hakuna mto kwenye orodha hii unaoukaribia.

Hata hivyo ni wa tatu. Hauna sehemu ya kujifunzia. Unaanza na kikubwa. Ukishaingia korongoni njia ya kutoka ni kupanda, na mwisho wa siku, mikono ikiwa imeishiwa nguvu, utaukwea ule ukuta kwa miguu katika jua la Oktoba. Ununue ukiwa tayari umeshashuka Sagana au Jinja, na ununue boti, si kayaki. Msimu mzuri ni Agosti hadi Desemba, maji yakiwa chini na mikondo yote ikiwa wazi. Maji yakijaa baada ya Februari, safari hufupishwa, na kilele kikifika husimamishwa kabisa. Kutoka Dar es Salaam mwenye muda anaweza kwenda na treni ya TAZARA, ikiwa inasafiri, hadi Kapiri Mposhi, kisha basi kupitia Lusaka hadi Livingstone. Gharama ya njia huenda ikazidi ya mto.

4. Mathioya, Kenya

Mto mwembamba, wenye mteremko mkali, unaoshuka kutoka Nyandarua katikati ya mabonde ya kijani ya Murang'a. Ni mzuri kuliko maelezo. Mawe ni mengi, kona ni za ghafla, na kiongozi hana nafasi ya kukusahihishia kosa. Ni wa wanaojua kugeuza kayaki yao iliyopinduka bila kufikiri. Kwa wengine wote, subirini.

Kabla hujalipa

Piga simu, usitegemee ujumbe. Uliza ni waokoaji wangapi wenye kayaki watakaoandamana na boti lenu. Jibu la "kiongozi anatosha" lisikubalike kwenye daraja la 3 na zaidi. Uliza kama viongozi wana mafunzo ya uokoaji kwenye maji yaendayo kasi na ya huduma ya kwanza, na kama kila mmoja hubeba mfuko wa kamba ya kurusha. Kisha uliza swali ambalo mimi hulitegemea kuliko yote: maji yakifika kiwango gani mnaahirisha safari, na pesa yangu inakuwaje? Muuzaji anayejua mto wake atakujibu papo hapo. Anayesema hawajawahi kuahirisha, mwache.

Ukifika, jaketi la kujiokolea livaliwe hadi mtu akikuvuta mabegani lisipande masikioni. Helmeti isicheze. Viatu viwe vya kufungwa. Ndala zitaondoka na mto. Asiyejua kuogelea anaweza kupanda boti la mpira kwenye sehemu za daraja la 2 na la 3 mradi aseme mapema, lakini kozi ya kayaki ajifunze kuogelea kwanza. Na hili usiache kulisikiliza kwenye maelekezo: ukianguka, lala chali, miguu juu ya maji ikielekea mkondo unakokwenda, usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanayokufika kifuani tu yanatosha kukulaza na kukuzamisha.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huacha nje michezo ya maji makali, kwa hiyo soma kifungu cha mambo yasiyolipwa. Picha na video huuzwa kando karibu kila mahali. Kama pesa ni ndogo, ziache hizo, ulipie siku ya pili ya kozi.