Nimesomea Ogani Chuoni, Ufunguo Anao Mzee wa Stoo

Naanza na hukumu ili wasiopenda kusoma marefu waende zao: kozi ya piano, ogani na muziki mtakatifu niliyosoma hapa Dar, kwa upande wa walimu, iko juu. Kwa huduma ni balaa. Chuo sikitaji. Waliopita pale watakitambua kwa huyo mzee tu.

Mnaoniuliza sifa za kujiunga na ada, kasomeni tangazo lao, yote yamo. Mimi nina habari ya mlango mmoja.

Nyuma ya mlango huo kuna ogani. Si ya mabomba, ni ya umeme, lakini ni ogani kweli: safu mbili za kii za mikono, stopu za kutosha, yaani vitufe vya kuchagua aina ya sauti, na pedali zake zote chini. Tuliambiwa ni msaada wa marafiki wa chuo kutoka Ujerumani. Mlangoni imebandikwa ratiba, majina yetu na saa za kila mtu za mazoezi. Ufunguo unakaa kwa mzee wa stoo.

Basi siku moja, masika imepamba moto, nimetoka Mbagala nimesimama kwenye daladala njia nzima, suruali imelowa mpaka magotini, na mtihani wa vitendo umekaribia. Nikafika stoo. "Shikamoo mzee." Kimya. Anakunywa chai. Nikarudia. Akaniuliza nataka nini, bila kuitikia. Nikamwambia naomba ufunguo wa chumba cha ogani, saa yangu imefika.

"Kile chombo cha wageni."

Nikamwonyesha picha ya ratiba kwenye simu, hakuitazama. Nikatoa barua ya mwalimu, ina mhuri wa idara. Hiyo aliisoma, tena taratibu, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake. Halafu akasema: "Mwalimu wako kaja juzi tu. Nyie watoto wa kwaya vidole vyenu vya kugonga ngoma, mtakiua. Kafanye kwenye piano. Si vyote vina kii?"

Si vyote vina kii! Jamani. Nimelipa ada nisikie hilo.

Piano nyundo inagonga waya, na sauti inaanza kufa hapohapo hata ukikandamiza kidole mpaka jioni. Ogani sauti haifi mpaka uinue kidole. Ukiinua mapema kidogo wimbo unakatika, ukichelewa sauti zinapandana, na hakuna ile pedali ya piano ya kukusitiri. Ndiyo maana tunafundishwa kubadilisha vidole juu ya kii ileile bila kuiachia: cha tatu kimeshika, cha tano kinaingia taratibu kuchukua nafasi, cha tatu kinaondoka kwenda kutafuta nota nyingine. Ukizoea piano peke yake unakuja kwenye ogani na mikono inayoachia achia. Na besi inapigwa kwa miguu, ncha ya kiatu na kisigino, macho yako kwenye nota. Hayo mazoezi ya miguu ningeyafanyia wapi kwenye piano? Nilichora pedali kwa makapeni kwenye boksi la friji, nikalitandaza chini ya meza nyumbani. Huo ndio mtaala niliolipia, boksi la friji.

Na hiyo piano aliyonielekeza, masika ikiingia mbao zinavimba na kii za katikati zikishuka hazipandi. Tuishie hapo.

Kinachouma zaidi, kwenye darasa la historia ya muziki wa kanisa tulikuwa tumetoka kusoma kwamba Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alipiga marufuku piano kanisani, na ngoma akazitia humohumo. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukaipa ogani ya mabomba heshima ya pekee, lakini ukaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa ibada, na ukasema muziki wa asili wa watu katika nchi za misheni upewe nafasi yake. Mabaraza ya maaskofu yamekaa yakalimaliza suala la ngoma. Mzee wa stoo bado yuko 1903, na amepita hata pale, maana Papa hakuwahi kuwazuia wanafunzi wasiguse ogani.

Sasa nisiwe mwizi wa fadhila. Huyo mwalimu "wa juzi" ndiye amenifanya mpigaji. Nilipoingia chuoni nilikuwa naitwa fundi parokiani kwetu, na siri ya ufundi wangu mnaijua wapiga vinanda wote wa Dar: kila wimbo napiga Do ni C, karatasi ikisema Do ni E flati nabonyeza transpozi, kile kitufe kinachohamisha sauti zote juu au chini huku vidole vikibaki palepale, maisha yanaendelea. Mwalimu alinisikiliza wiki ya kwanza, hakusema neno, akatoa plasta mfukoni akaziba kitufe cha transpozi kwenye vinanda vyote. Kwenye ogani pia, siku alizotufungulia mwenyewe. Nililia. Ila mwisho wa muhula nilikuwa nashika flati tatu bila kutetemeka, nasoma nota za mistari badala ya kusubiri mtu anisomee solfa, na besi napiga kwa miguu. Ukinisikia leo kwenye misa ya kwanza utajua kazi ya nani. Kwa hiyo ukiniuliza kama kozi inafaa, inafaa. Inafaa sana. Nampa mwalimu nyota zote tano na ya sita nitamtafutia.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo kwa amani, lakini nimekumbuka mahafali.

Siku ya mahafali mlango ulifunguliwa, ogani ikabebwa na vijana mpaka ukumbini, imefutwa vumbi inang'aa. Nikasema leo atapiga mmoja wetu. Wapi! Wamekodi mpigaji kutoka nje. Akakaa, akabandua plasta ya mwalimu kwa kucha, akabonyeza transpozi, akapiga nyimbo zote Do ni C. Miguu kaikunja chini ya benchi, pedali hakuzigusa hata moja. Mzee wa stoo kasimama pembeni, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa raha. Umeme ulipokatika katikati ya wimbo, ogani ikanyamaza kama simu iliyoisha chaji, nani aliyemalizia? Sisi watoto wa kwaya, kwa midomo, sauti nne, mpaka jenereta likawaka.

Mwenye dhamana ya idara niliwahi kumfuata. Kanijibu vizuri, kaniita mwanangu, kasema litashughulikiwa. Mpaka namaliza ratiba ilikuwa bado imebandikwa pale mlangoni, na majina yetu.

Halafu kuna ankara. Kila mwaka kwenye namba ya malipo kulikuwa na mstari "matumizi ya vyombo". Nimeulipa wote. Matumizi yapi? Kukitazama kupitia tundu la kitasa? Nikitoka kwenye plasta nawapa nyota nne, nikifika kwenye huo mstari nashuka mpaka moja. Wekeni mbili. Au tatu, kwa heshima ya mwalimu, lakini iandikwe ni ya mwalimu.

Mdogo wangu kaomba nafasi mwaka huu, kozi hiyohiyo. Sijamkataza. Nimemwambia kabla ya kulipa shilingi yoyote aandikiwe barua kwamba atakabidhiwa ufunguo saa zake za mazoezi, atoe kopi, na ile halisi asimpe mtu anayekunywa chai.