Yonex Mavis 350: kinyoya cha nailoni kwa mchezaji aliyehama nchi

Waliojifunza mpira wa vinyoya (badminton) Nairobi, Kampala au Dar es Salaam kisha wakahamia Uingereza, Kanada au Marekani, wengi wao hawauachi mchezo huu. Unachezeka hadi uzeeni, na mahitaji yake ni machache: raketi, viatu vya sakafu ya ndani, ukumbi wa shule wa kukodi jioni, na watu wanne wa kucheza wawili wawili. Katika kumbi za namna hiyo kinyoya, yaani kile kinachopigwa kwa raketi, mara nyingi ni cha nailoni, na katika vya nailoni tunapendekeza Mavis 350 ya kampuni ya Yonex. Ila huuzwa katika kasi tatu, na wengi waliohama hununua kasi ya kule walikotoka.

Kopo moja lina vinyoya sita, vyeupe au vya njano. Kichwa ni cha gome lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo, na sketi, ile sehemu pana ya nyuma, ni ya nailoni yenye mbavu zinazoiga manyoya. Ukumbi wenye kuta nyeupe au taa kali za dari chukua vya njano. Macho ya mtu mzima hukipoteza cheupe mara tu kinapopita mbele ya taa, na katika mchezo wa wawili wawili hapo ndipo mtu anapopigwa cha uso.

Sasa tuje kwenye utepe wa rangi unaozunguka kichwa, kwa sababu ndio unaoonyesha kasi. Kijani ni cha polepole, kwa joto la nyuzi 22 hadi 33 za Selsiasi. Buluu ni cha kati, kwa nyuzi 12 hadi 23. Chekundu ni cha kasi, kwa nyuzi 0 hadi 13. Hewa ya joto ni nyepesi, hivyo haikizuii sana kinyoya, na ukitumia cha kasi kitatoka nje kila ukikiinua. Hewa ya baridi ni nzito na hukikamata mapema. Mwinuko nao hufanya kazi ileile ya joto. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi hata siku ya nyuzi 18, na kijani ndicho kinachofaa huko ingawa kipimajoto kingekuelekeza kwenye buluu. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari, lakini joto lao linakufikisha kwenye kijani hichohicho. Ndiyo sababu mchezaji wa kwetu, awe wa pwani au wa bara, hukua na mazoea ya rangi moja.

Mazoea hayo ukiyabeba hadi Leicester, Uingereza, mwezi wa Januari, ndani ya ukumbi wa shule wenye nyuzi 14, mambo huharibika. Unapiga kutoka mstari wa nyuma kwa nguvu zako zote, kinyoya kinaishia katikati ya upande wa pili, na mpinzani anakimaliza kwa smashi, yaani pigo kali la kushusha. Kinachofuata ni kuanza kupiga kwa bega badala ya kuzungusha mkono wa chini na kifundo, na bega halichelewi kuuma. Wenye miaka 60 na kuendelea huamua kwamba nguvu zimekwisha, na wengine hutundika raketi. Inasikitisha, maana tiba ni kopo la utepe wa buluu. Kabla mzee hajasema ameshindwa, mbadilishieni kinyoya kwanza.

Kuna miji inayohitaji kufikiriwa upya. Denver ya Marekani iko karibu mita 1,600 na Calgary ya Kanada inapita kidogo mita 1,000. Theluji ikiwa imejaa nje, ukumbi wenye hita ya nyuzi 20 katika miji hiyo unaweza kukudai kijani, hasa Denver. Muscat na Dubai kinyume chake: nje huweza kufika nyuzi 40, ila kiyoyozi kimeushusha ukumbi hadi 22, na hapo buluu na kijani vyote vinawezekana. Pima joto la ukumbini baada ya nusu saa ya kucheza, maana watu wanane wakitoka jasho joto la ukumbi mdogo hupanda.

Kanuni za mchezo zinatoa kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Simama kwenye mstari wa nyuma, piga kinyoya kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu kamili, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya cha kasi sahihi huanguka sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Huhitaji futi: ule mstari wa sevu (pigo la kuanzisha mchezo) ya wawili wawili ulio karibu na mstari wa nyuma uko sentimita 76 ndani yake, yaani katikati kabisa ya kipimo hicho. Kikianguka karibu na mstari huo, kisizidi shibiri moja (sentimita 23) mbele au nyuma, umepata rangi yako. Apige mtu mwenye nguvu za wastani, na apige kutoka pande zote mbili, kwa sababu feni za dari na matundu ya hewa husukuma kinyoya upande mmoja.

Je, kinaruka sawa na cha manyoya ya bata bukini? Hapana, na tofauti inajulikana mapema zaidi wavuni. Cha manyoya hujigeuza haraka kikitanguliza kichwa na kushuka wima. Cha nailoni hujiviringisha kwa muda kabla ya kutulia, kwa hiyo mapigo ya kukwangua wavuni hayatabiriki vizuri. Ukiinua kwenda nyuma, cha manyoya hupoteza mwendo ghafla mwishoni na kudondoka, cha nailoni huendelea mbele kwa upinde mrefu. Smashi nayo huonekana kali zaidi, kwa kuwa sketi ya nailoni hujikunja kwa pigo zito na kupunguza ukinzani wa hewa. Mchezaji aliyelelewa kwenye manyoya atahitaji kuusogeza mguu wake hatua moja nyuma anapokea, na kuacha kutegemea ujanja wa wavuni.

Kwenye uimara Mavis 350 inajilipia. Cha manyoya huweza kufa ndani ya seti moja ya watu wenye smashi kali, hiki kikipigwa vizuri kinamaliza jioni nzima. Adui wake ni fremu. Kinyoya kikigongwa na fremu badala ya nyuzi, ubavu hupasuka pale sketi inapoungana na kichwa, na kutoka hapo kinayumba. Kikague kwa kukitazama kutoka nyuma: mdomo wa sketi uwe duara. Ukiwa umebonyea au umekaza kuelekea ndani, kitaenda mbio kuliko rangi yake inavyosema. Kirudishe umbo kwa vidole, na kikirudia kubonyea kibaki cha mazoezi. Usijaribu kukunja ncha ili kukipunguza kasi kama wafanyavyo wengine kwa manyoya, nailoni hupasuka tu.

Baridi nayo hukausha na kukakamaza nailoni. Mkoba uliolala ndani ya buti ya gari usiku wa theluji hutoa vinyoya vinavyokatika mbavu kwenye pigo la kwanza. Makopo yakae ndani ya nyumba, mbali na hita.

Nyuzi za raketi ziache kawaida. BG65, aina ya nyuzi za Yonex yenye unene wa milimita 0.70, ikikazwa pauni 22 hadi 24, inakipokea vizuri. Nailoni huhisika nzito zaidi kwenye pigo, kwa hiyo anayetoka kwenye manyoya na raketi ya pauni 27 ashushe mkazo kabla kiwiko hakijalalamika.

Bei ya vinyoya vya manyoya imepanda sana miaka hii, na klabu zilizokuwa zikidharau nailoni zimeanza kuitazama tena. Ligi nyingi lakini bado zinadai manyoya, kwa hiyo anayecheza mashindano ajizoeze na manyoya walau wiki mbili kabla ya mechi. Kwa jioni za kawaida, nunua kopo moja la buluu na moja la kijani, fanya kipimo cha mstari wa sevu ukumbini kwenu, kisha ndipo uagize kwa wingi. Chekundu kiache, isipokuwa mnacheza kwenye ukumbi usio na hita kabisa.