Unga wa polima kwenye gundi ya vigae: Vinnapas 5010 N na ule wa mifuko isiyo na tarehe

Anayetengeneza gundi ya vigae katika karakana ndogo Dar es Salaam hasumbuliwi sana na saruji wala mchanga. Vyote viwili vinapatikana, na ubora wake unakadirika kwa macho na mkono. Kinachokula fedha ni kile kiasi kidogo cha unga mweupe wa polima, aina ya plastiki, kinachoingia mwishoni, ambacho bei yake kwa kilo huzidi ya saruji zaidi ya mara kumi, na ndiyo maana watengenezaji wengi huupunguza kimyakimya au kununua wowote unaopatikana kwa bei ya chini bila kuuliza umetengenezwa kwa kitu gani. Tathmini hii inahusu Vinnapas 5010 N, unga wa kampuni ya Wacker ya Ujerumani, nilioulinganisha na unga mwingine uuzwao kwenye mifuko ya kahawia isiyo na jina la kiwanda wala tarehe.

Unga wa aina hii huanza ukiwa kimiminika cheupe chenye chembe ndogo sana za vinili aseteti iliyounganishwa na ethilini, kwa kifupi VAE. Kimiminika hicho hunyunyizwa ndani ya hewa ya moto hadi kikauke, na chembe zake hubaki zimevikwa polivinili alkoholi, ambayo huyeyuka majini, na kuchanganywa na madini laini ili zisigandane. Zinaporudishiwa maji hurejea hali ya awali kama maziwa ya unga, lakini saruji inapokwisha kuchukua maji yake na mengine kukauka, chembe hizo huungana na kuwa utando unaonyumbuka ambao hauyeyuki tena. Wacker ndiyo iliyoanzisha teknolojia hii huko Burghausen, Bavaria, katika miaka ya 1950, na faida yake haijabadilika tangu hapo: fundi anaongeza maji tu, hapimi dawa nyingine yoyote kwenye eneo la ujenzi.

Umuhimu wa utando huo hauonekani kwenye kila kigae. Kigae cha kauri cha ukutani hufyonza maji kwa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo saruji hupata vitundu vya kupenya na kushikilia, na hata gundi duni hukisimamisha vizuri. Porselini hufyonza asilimia 0.5 au pungufu. Saruji haina pa kuingia, na kinachobaki kukishika kigae ni polima peke yake. Nilibandika vipande vya porselini juu ya zege kwa michanganyiko tofauti, nikaviacha vikomae mwezi mmoja, kisha nikavibandua kwa patasi. Gundi isiyo na polima ilibaki yote sakafuni, mistari ya mwiko wa meno ikionekana wazi, na mgongo wa kigae ukiwa msafi kiasi cha kuweza kukirudisha dukani. Kwenye mchanganyiko wenye Vinnapas asilimia 3, kigae kilipasuka kabla ya kuachia, na vipande vyake viling'oka vikiwa na gundi iliyokatikia katikati, mahali pamoja hata ikachukua punje za zege. Unga wa mifuko ya kahawia, kwa kiwango hichohicho cha asilimia 3, ulishika ukiwa mkavu. Vipande vilivyolowekwa majini kwa juma moja viliachia kwa kugongwa kidogo tu.

Sababu ya tofauti hiyo ilijitokeza kwenye kipande cha kioo, na kipimo hiki ningemshauri kila mnunuzi akifanye kabla ya kulipa. Changanya sehemu moja ya unga na sehemu mbili za maji, koroga, acha utulie robo saa, koroga tena, kisha mimina utando mwembamba juu ya kioo na uache ukauke kabisa. Vinnapas ilitoa utando unaopitisha mwanga, unaobanduka mzima na kuvutika vidoleni. Ulipolowekwa uligeuka mweupe ukalainika, lakini haukusambaratika. Ule mwingine uliacha tabaka la chokaa chini ya kikombe, na utando wake ulipolowekwa uligeuka uteute. Hiyo ni dalili ya unga uliojazwa chokaa na polivinili alkoholi nyingi, vitu ambavyo havina kosa mahali pake, ila havifai bafuni.

Inafaa kusema hapa kwamba desturi ya mafundi wengi ya kumimina gundi nyeupe ya mbao kwenye saruji inaangukia katika shimo hilohilo. Gundi hiyo ni polivinili aseteti tupu, ambayo huvunjwavunjwa na ukali wa saruji na hulainika kila inapopata maji. Ethilini iliyomo kwenye unga wa VAE ndiyo inayoupa ustahimilivu.

Kuhusu kiasi, kiwango cha Ulaya cha EN 12004 hudai gundi ya daraja la C1 ishike kwa newton 0.5 kwa milimita mraba, na ya C2 kwa newton 1.0, ikiwa kavu, ikiwa imelowekwa na ikiwa imepata joto. Kwa vigae vya kawaida vya ndani C1 inatosha, na asilimia 1 ya polima au pungufu inaweza kukufikisha hapo. Kwa porselini, ngazi za nje na paa bapa linalochomwa na jua mchana na kupoa usiku, sishuki chini ya asilimia 3, yaani gramu 750 kwenye mfuko wa kilo 25. Anayetaka gundi inayopinda zaidi kwa ajili ya mapaa atafute Vinnapas 5044 N, ambayo ni laini kuliko hii. Wala polima haichukui nafasi ya selulosi etha, ile inayozuia maji yasikimbie kwenye zege kavu. Karibu asilimia 0.3 yake lazima iwepo, la sivyo gundi hukauka usoni kabla fundi hajashusha kigae.

Kasoro ya unga huu kwa mazingira yetu ni joto. Utando wake hujiunda kuanzia takriban nyuzi 4 za Selsiasi, taarifa inayowahusu zaidi wajenzi wa nchi za baridi. Sisi wa pwani tunapaswa kuhofia upande wa pili, kwa kuwa plastiki hii hulainika, na mifuko ikipangwa kwenda juu chini ya bati mwezi Februari, ule wa chini kabisa hugeuka tofali. Pia mfuko wa kilo 25 ni mwingi kwa karakana inayotengeneza mifuko michache kwa siku, kwa sababu ukishafunguliwa unavuta unyevunyevu wa bahari. Mimi huugawa siku hiyohiyo kwenye ndoo zenye vifuniko vya kubana.

Kwa bei yake nauona unastahili kwa gundi ya C2, na ni ufujaji kwa gundi ya vigae vya ukuta wa jikoni. Ukienda kuununua, soma tarehe ya kutengenezwa, minya pembe za mfuko kwa vidole, na usikubali kupimiwa kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa.