Klipu za Z za kutundikia paneli za mbao: zinabeba, lakini hazifungi

Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha kuta nyingi za matofali Bukoba na vijiji vya jirani. Kwa nyumba za ukanda huo, paneli ya mbao ukutani ni mzigo kwanza, pambo baadaye.

Klipu za Z ni vipande vya alumini vinavyofanya kazi viwili viwili. Kimoja kinafungwa ukutani mdomo ukitazama juu, kingine nyuma ya paneli mdomo chini, kisha paneli inainuliwa na kushushwa hadi vinase. Kwa kubeba uzito, hatuna lawama. Karatasi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya mm 18, futi 8 kwa 4, ina karibu kilo 40, na reli tatu, yaani klipu ndefu za upana wa paneli (juu, katikati, chini), zinaibeba bila kulegea. Chukua reli ndefu, si vipande vya sm 5: kipande kidogo kikiangukia tofali bovu, hakina jirani wa kukisaidia.

Tatizo ni kwamba klipu haizuii paneli kuinuka. Ili uitundike unaacha nafasi juu, na nafasi hiyohiyo ndiyo paneli inayoitumia kuruka na kuchomoka ardhi ikitikisika kwenda juu na chini. Kwa hiyo, klipu peke yake haitoshi. Ongeza skrubu mbili chini ya kila paneli, zipite hadi kwenye tofali. Tundu la kwenye paneli liwe la mm 8 kwa skrubu ya mm 5, na washa pana (kipete bapa cha chuma) chini ya kichwa cha skrubu: paneli inacheza kidogo bila kupasuka, lakini hairuki.

Skrubu na plagi (vizibo vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani) zinazouzwa pamoja na klipu mara nyingi ni fupi. Lipu huwa mm 15 hadi 20, na lipu haishiki kitu. Tunataka mm 50 ndani ya tofali lenyewe, hivyo tumia skrubu ya mm 6 kwa 80 na plagi ya mm 8, kila sm 35 hivi, yaani skrubu nne kwa kila reli ya ukutani. Kwenye tofali la kuchoma, izime ile nyundo ya drili, maana inapanua tundu na plagi inazunguka bure. Toboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha udongo, zidisha kina kwa mm 10, kisha puliza vumbi lote.

Gundi pekee hatuipendekezi hata kwa paneli nyepesi. Inashika rangi, rangi inashika lipu, na lipu ikiachana na tofali vyote vinashuka pamoja.

Acha mm 10 sakafuni na mm 3 kati ya paneli na paneli, na ule mwanya wa juu uufunike kwa ukanda wa mbao uliofungwa upande mmoja tu. Kwenye kona usifunge paneli moja kwenye kuta mbili. Kila ukuta una mwendo wake.

Sifa kubwa ya klipu hizi inasahaulika: paneli inatoka. Baada ya mtikisiko, fungua skrubu mbili za chini, inua, utazame ukuta. Ufa wa mshazari, au nyufa zilizokatana kama X, unahitaji fundi mwenye ujuzi kabla ya kurudisha chochote. Paneli ya gundi ingeuficha ufa huo.

Kwenye ukuta wa tofali mbichi za udongo usitumie klipu hizi kabisa. Juu ya kitanda, badala ya MDF weka plaiwudi ya mm 12, ambayo ni karibu nusu ya uzito. Bajeti ikibana, seremala anaweza kukuchania mbao ngumu, kavu, kwa nyuzi 45 ikafanya kazi ileile, mradi zile skrubu mbili za chini ziwepo.