Filamu ya kushtua au ya hofu ya polepole: ipi ifae usiku wa mchango?

Kila tunapopanga kuonyesha filamu ya kutisha ili kuchangisha fedha, ubishi ni uleule: ishtue ghafla, au hofu ipande polepole?

Kwa kuchangamsha watu, ya kushtua inashinda. Ukumbi mzima hupiga yowe pamoja, kisha hucheka, na wasiojuana huzoeana. A Quiet Place (2018) ni ya dakika 90 tu, hivyo muda wa kuzungumzia mchango unabaki. Ila inadai spika nzuri. Sauti ikikwaruza, mshtuko umekufa.

Ya polepole huvumilia vifaa duni kidogo, lakini si simu zinazowaka. Hereditary (2018) inazidi saa mbili, na wapo watakaoondoka. Wanaobaki, hata hivyo, hufunguka: inahusu msiba ndani ya familia, na nimeona watu wakianza kusimulia ya kwao. Kwa mchango wa kusaidia wafiwa ningeichagua bila kusita, mradi waonywe mapema kuhusu yaliyomo.

Kwa kuhamasisha uchangiaji damu, naenda na mayowe. Filamu za Saw zimeambatana na kampeni za damu tangu 2004, na mashabiki walijitokeza kweli.